Mtoto wa Mbwa Anayechafua Ndani

Wiki iliyopita tulikuwa ghalani, tukazungumza juu ya kukausha mahindi na kuwazuia fukusi. Leo naomba tuingie ndani ya nyumba yenyewe, kwa sababu ya barua moja niliyoipokea, na nilipoisoma niliona kwamba si ya mtu mmoja tu. Wengi wenu mtajikuta humo.

Barua inatoka kwa mama mmoja mkulima wa nyanda za juu kusini, kule ambako mwezi wa saba baridi inauma mpaka asubuhi unakuta majani yameganda. Anasema binti yake anayefanya kazi mjini aliwaletea mtoto wa mbwa wa zile mbegu ndogo, mbwa ambaye hata akikua hafiki kwenye magoti ya mtu. Aliletwa ndani ya kikapu akiwa na miezi 2. Kwa vile ni mdogo na baridi ni kali, wakamlaza jikoni karibu na mafiga. Na kweli ameanza kuwa na faida, maana mgeni akifika tu hapo nje, kijibwa kinabweka mpaka nyumba nzima inajua.

Lakini, anasema mama huyo, sasa ni wiki ya tano na mbwa anachafua ndani kila siku. Leo juu ya mkeka, kesho nyuma ya gunia la maharage, kesho kutwa chini ya kitanda. Mume wake amempiga fimbo. Amemsugua pua katika mkojo wake mwenyewe, kama wengi walivyokuwa wakifanya zamani. Mambo badala ya kupungua yamezidi. Na ndani ya nyumba hiyo yumo mjukuu wa miezi 9 anayetambaa, ambaye kila anachookota anakitia mdomoni. Baba amekwisha kutoa siku: mwisho wa mwezi ukifika kama mbwa hajaacha, atachukuliwa siku ya mnada na kuachwa huko huko.

Mama anauliza hivi: "Je, mbwa huyu ni mkaidi, au sisi ndio hatujui?"

Ndugu zangu, jibu nitalitoa mapema ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Mbwa huyo si mkaidi. Hajaonyeshwa pa kwenda, wala hajapelekwa kwa wakati. Fimbo haikumwonyesha mahali pa kujisaidia. Ilimwonyesha kwamba asijisaidie mbele ya baba. Ndiyo maana siku hizi anakwenda chini ya kitanda.

Nawajua wapo wasikilizaji ambao kwa imani ya dini yao hawaweki mbwa ndani ya nyumba. Hao nao wasiondoke, kwa sababu mbwa wa uani asiyejua mahali pake ndiye anayechafua njia ya kisimani, bustani ya mchicha na mahali watoto wanapochezea. Mafundisho ni yale yale.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili ni la mkulima, maana najua yupo anayenung'unika kwamba tumeacha mazao tunazungumza habari za vijibwa.

Sababu ya kwanza ni huyo mtoto anayetambaa. Karibu kila mtoto wa mbwa anazaliwa na minyoo, au anaipata katika maziwa ya mama yake. Ni minyoo myeupe, mirefu kama tambi. Mayai yake yanatoka pamoja na kinyesi, nayo hayaonekani kwa macho. Mtoto wa binadamu akiyameza, viluwiluwi vya minyoo hiyo hutembea mwilini mwake, vikaweza kufika kwenye ini, mapafu, na hata jicho, na wako watoto waliopoteza uwezo wa jicho moja kwa sababu hiyo. Lakini sikilizeni neno hili vizuri: kinyesi kilichotoka leo mayai yake bado hayajakomaa. Yanahitaji kukaa chini kama wiki 2 au zaidi ndipo yaweze kuambukiza. Baada ya hapo yanaweza kudumu katika udongo kwa miaka. Kwa hiyo anayeondoa kinyesi kila siku anaukata ugonjwa kabla haujaanza. Anayekiacha nyuma ya gunia anauweka akiba.

Sababu ya pili ni mifugo. Mwaka 1998 wataalamu walithibitisha kwamba mbwa anaweza kutoa katika kinyesi chake mayai ya kijidudu kiitwacho neospora. Ng'ombe mwenye mimba akila majani au pumba zilizochafuliwa, anaweza kutupa mimba. Basi mbwa anayejisaidia juu ya rundo la majani makavu ya ng'ombe, au katika ghala la pumba, si jambo la kucheka.

Sababu ya tatu ni mnada wenyewe. Mtoto wa mbwa akiachwa mnadani, akibahatika kuishi, anakuwa mbwa wa kuzurura asiye na chanjo. Mbwa wa namna hiyo ndio wanaotuletea hatari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaoupata wameumwa na mbwa. Kwa hiyo kumtupa mbwa ni kuihamisha taabu yako kwenda kwa jirani, tena ikiwa kubwa zaidi.

Haya, sasa tumjue mbwa mwenyewe.

Mtoto wa mbwa wa miezi 2 hana nguvu ya kuzuia haja. Kibofu chake ni kidogo, na misuli ya kukifunga haijakomaa. Akiwa macho na anacheza, hata saa 1 ni nyingi kwake. Akiwa amelala anaweza kuvumilia zaidi. Kadiri miezi inavyoongezeka ndivyo uvumilivu unavyoongezeka, na mbwa wengi wanashika vizuri wakiwa na umri wa miezi 4 mpaka 6. Mbwa wa mbegu ndogo huchelewa, wengine mpaka wanakaribia mwaka. Kibofu chao ni kidogo kweli, na tena kosa lao halionekani haraka. Mbwa mkubwa akikojoa ndani, nyumba nzima inapiga kelele. Mdogo anamwaga kijiko kimoja tu, watu wanapita, wanasema si kitu, na yeye anajifunza kwamba hapo panafaa.

Jambo jingine ni kwamba mbwa kwa asili yake hapendi kuchafua mahali anapolala. Hiyo ndiyo mali tuliyo nayo, nasi tutaitumia. Lakini anapofika na miezi 2, kwake yeye "mahali ninapolala" ni pale penye gunia lake tu. Kona ya pili ya jiko ni nje. Chini ya kitanda ni mbali kabisa. Ni kazi yetu kumpanulia huo mpaka polepole, mpaka nyumba nzima awe anaihesabu kuwa malazi yake.

Sasa tufike kwenye kazi. Nitaigawa katika mambo sita.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Chagua mahali pamoja nyuma ya nyumba, mbali na kisima, mbali na bustani ya mboga, mbali na chakula cha mifugo na mahali watoto wanapochezea. Fyeka majani yawe mafupi. Kijibwa kidogo tumbo lake liko karibu na ardhi, na majani marefu yenye umande yanamlowesha, basi anakataa kabisa na kurudi jikoni kwenye joto. Wakati wa masika, chini ya upenu wa banda panafaa. Siku za kwanza, chukua kipande cha kinyesi chake au kitambaa kilicholowa mkojo wake ukakiweke pale. Mbwa anasoma kwa pua. Akifika pale atajua kazi ya mahali hapo.

Jambo la pili ni wakati, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Usingoje mbwa akuombe. Yeye hajui kuomba bado. Mpeleke wewe. Mpeleke asubuhi mara tu anapoamka, kabla hujachochea moto. Mpeleke kila akiamka usingizini mchana, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na mwisho kabla hamjalala. Baada ya kula usichelewe. Wengi wanahitaji kwenda katika dakika 5 mpaka 30. Katikati ya nyakati hizo, akiwa macho, mpeleke kila baada ya saa 1. Akiwa na miezi 2 au 3 mtoe pia mara moja usiku wa manane. Mtoe kimya kimya, bila michezo, akimaliza arudi kulala.

Ili wakati wa kutoka ujulikane, wakati wa kuingia lazima ujulikane. Mlishe mara 3 au 4 kwa siku kwa saa zile zile, akishindwa kumaliza ondoa chombo. Mbwa anayedokoa ugali kutwa nzima atajisaidia kutwa nzima. Maji ya kunywa awe nayo mchana wote. Usimnyime maji kwa kudhani utapunguza mkojo, maana mbwa mdogo akikosa maji anaharibika haraka. Inatosha kuondoa chombo cha maji saa 1 hivi kabla ya kulala, baada ya kumpa nafasi ya kunywa.

Jambo la tatu ni kumfundisha pale nje. Mwongoze kwa kamba nyembamba, au mbebe kama ni mdogo sana, mpaka mahali pake. Simama. Usimchezeshe wala usizungumze sana. Mwambie neno moja tu, lile lile kila siku, na watu wote wa nyumba walitumie hilo. Wengine wanasema "jisaidie", wengine "haya nje". Mngojee dakika 5 mpaka 10. Akimaliza, hapo hapo, kabla hajageuka, msifu kwa sauti ya furaha na mpe kipande kidogo cha dagaa au cha ugali. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Zawadi hiyo ukimpa baada ya kurudi jikoni umechelewa. Atadhani anapewa kwa kuingia ndani.

Tena akimaliza usimrudishe ndani mbio mbio. Mwache anuse na kucheza kidogo. Mbwa akiona kwamba kila akimaliza starehe ya nje inakwisha, atajifunza kukawia, na atakuja kumaliza ndani.

Ikiwa dakika 10 zimepita na hajafanya kitu, mrudishe ndani lakini usimwachie. Mshike au mfunge karibu nawe, kisha baada ya dakika 10 mtoe tena.

Jambo la nne ni kumchunga akiwa ndani. Kwa muda wa wiki chache mbwa huyu asiwe na uhuru wa kuzurura vyumbani. Anapokuwa ndani awe katika moja ya hali mbili. Ama unamwona kwa macho, amefungwa kwa kamba fupi karibu na mahali unapofanyia kazi. Ama yuko katika malazi yake, yaani sanduku la mbao au tenga lililotandikwa gunia safi, lenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Lisiwe kubwa kupita hapo, maana likiwa kubwa atalala upande mmoja na kuchafua upande wa pili.

Akiwa karibu nawe, tazama dalili. Mbwa anayetaka kwenda haja ananusanusa chini, anazunguka mahali pamoja, anaacha mchezo ghafla, au anaelekea kona. Ukiona hivyo acha unachofanya, hata kama ni kukoroga uji, umtoe.

Hapa najua swali lenu. Mtasema: "Sisi tunakwenda shamba alfajiri tunarudi saa 8, nani atakaa kumtazama mbwa?" Ni swali la haki. Usimfungie ndani ya sanduku muda wote huo. Hawezi kuvumilia, atachafua malazi yake, na akishazoea kulala penye uchafu ile mali ya asili tuliyosema imepotea. Mambo mawili yanawezekana. La kwanza, mchukue shambani ndani ya kikapu, mfunge kivulini karibu na mtungi wa maji, mtoe kila mnapopumzika. La pili, mjengee kizuizi kidogo uani kwa fito, chenye kivuli, maji na gunia upande mmoja, na mchanga upande wa pili wa kujisaidia. Akiwa bado mdogo kifunike pia juu, maana tai anaweza kumchukua.

Tena kazi hii isiwe ya mama peke yake. Mtoto wa shule amtoe asubuhi na jioni, baba amtoe usiku. Kila mtu ajue zamu yake.

Jambo la tano ni nini cha kufanya anapokosea. Atakosea, tusidanganyane. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi kidogo ashtuke aache, mnyanyue, mpeleke mahali pake, na akimalizia pale msifu. Ukikuta uchafu umekwisha kufanyika, hata kama ni dakika 5 zilizopita, usimwambie kitu. Safisha, basi.

Baba mwenye barua ile atasema: "Lakini anajua amekosa! Nikiingia tu anainamisha masikio na kujikunyata." Ndugu yangu, hilo limechunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya sura hiyo. Wenye mbwa walikataza mbwa wao wasile biskuti, kisha wakatoka nje. Waliporudi, wengine waliambiwa mbwa amekula, na kumbe hakula. Ikaonekana kwamba mbwa waliinamisha masikio kwa sababu ya kukaripiwa, sio kwa sababu ya kosa. Hata wasiokula waliinamisha. Kwa hiyo ile sura unayoiona ni hofu. Mbwa anakuona umekasirika, hajui kwa nini. Kumsugua pua hakumfundishi chochote. Kunamwonyesha kwamba binadamu na mkojo vikikutana anaumia. Basi hata ukimpeleka nje hatajisaidia mbele yako. Atasubiri, atarudi, atatafuta mahali usipomwona.

Nyumba ambayo imeshampiga mbwa inaweza kurekebisha, ila itachukua siku nyingi zaidi. Aliyempiga ndiye aanze kumpa dagaa kule nje, na mwanzoni asimame mbali kidogo, amgeuzie mgongo, mpaka mbwa amzoee upya.

Jambo la sita ni usafi. Mbwa hurudi pale penye harufu yake. Wewe unaweza kudhani pamekauka, pua yake inasema bado. Kama sakafu ni ya saruji, zoa uchafu, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kisha pitisha siki kidogo iliyochanganywa na maji. Usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo, nawe utakuwa umempigia mbwa kibao cha kumwonyesha mahali. Kama sakafu ni ya udongo, maji hayatoshi. Mkojo umekwisha kuzama. Nyunyiza majivu yanyonye, kwangua udongo ule uliolowa kwa jembe, utoe nje, jaza udongo mpya, shindilia na usiribe. Mkeka uanikwe jua kali baada ya kuoshwa.

Kinyesi cha nje nacho kizolewe kila siku, kitupwe chooni au kifukiwe shimoni. Kisitiwe katika mbolea ya bustani ya mboga. Baada ya hapo nawa mikono kwa sabuni, na watoto vile vile. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya", tulipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kisha kwenda kuchimba vyoo. Tuliambiwa kwamba kinyesi kikitapakaa ovyo kinarudi katika vyombo vyetu. Neno lile linafaa hata kwa kinyesi cha mbwa.

Hayo ndiyo mambo sita. Sasa niongeze habari ya dawa.

Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo kuanzia wiki 2 tangu kuzaliwa, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka afike miezi 2, na baada ya hapo kila mwezi mpaka miezi 6. Kama umempokea na hujui historia yake, anza mara moja. Mwone afisa mifugo wa kata yako, yule ambaye wengine bado tunamwita bwana mifugo. Mbwa apimwe uzito kwanza. Tafadhali sana, usichukue dawa ya ng'ombe au ya mbuzi ukampa kijibwa kwa kukisia. Kipimo kinachomfaa ndama kinaweza kumuua mbwa wa kilo 2. Akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo irudiwe kama utakavyoelekezwa, kwa kawaida kila mwaka. Na wakati wote, mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kungoja.

Tena ziko hali ambazo mafundisho hayasaidii, maana mbwa ni mgonjwa. Kama anakojoa matone matone kila dakika chache, au mkojo una damu, au alikuwa ameshazoea kutoka na ghafla ameanza kuchafua ndani, mpeleke kwa mtaalamu. Kama anaharisha damu na kutapika, usingoje kesho. Mtoto wa mbwa anaweza kufa kwa kukaukiwa na maji katika siku moja au mbili. Na kama anamwaga mkojo kidogo kila mtu anapomwinamia kumsalimu, hiyo ni heshima na hofu ya utoto. Usimkaripie. Msalimu ukiwa umechuchumaa pembeni, nje ya nyumba, na hali hiyo itaisha anapokua.

Ndugu wakulima, mtauliza kazi hii inachukua muda gani. Mkishika saa zenu sawasawa, katika wiki 2 mpaka 4 mtaona mabadiliko. Kumwamini kabisa kutachukua miezi. Siku ikipita bila ajali usimfungulie vyumba vyote kwa furaha. Mwongezee chumba kimoja, akae nacho wiki 1 au 2 bila kosa, ndipo umwongezee kingine. Akikosea, usiseme mafunzo yamevunjika. Rudi nyuma hatua moja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Yule mama nilimjibu kwa maneno haya haya, kwa ufupi zaidi, nikamwomba mume wake atupe mwezi mmoja mwingine. Barua yake ya pili imefika. Anasema siku za kwanza walichoka sana, hasa kuamka usiku katika baridi ile. Baba ndiye aliyechukua zamu ya usiku, akijifunika blanketi, huku akinung'unika. Wiki ya tatu mbwa alianza kwenda mwenyewe mlangoni na kukwaruza. Siku moja walikwenda msibani wakachelewa, wakamkuta amechafua. "Safari hii," anaandika mama, "hatukumpiga, kwa sababu tulijua wenye kosa ni sisi." Mjukuu amekwisha kupata dawa ya minyoo kliniki, na mbwa pia amepata yake. Habari ya mnada haitajwi tena katika nyumba hiyo.

Basi, ndugu mkulima, mwenye mtoto wa mbwa nyumbani aanze kesho asubuhi, kabla ya kuchochea moto. Achague mahali, apange zamu, aifiche ile fimbo, na aweke dagaa chache mfukoni.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuku wa kienyeji na ugonjwa wa mdondo. Mpaka hapo, nawatakia kazi njema. Kwa herini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mbwa wanajisaidia wapi? Je, ni karibu na kisima, bustani au chakula cha mifugo?

2. Kwa nini kuzoa kinyesi kila siku kunazuia minyoo kuliko kuzoa mara moja kwa mwezi?

3. Nyumbani kwako, nani anaweza kumtoa mbwa asubuhi, mchana na usiku? Pangeni zamu.

4. Watoto wa mbwa wasiotakiwa kijijini kwetu wanapelekwa wapi, na tunaweza kufanya nini pamoja na afisa mifugo ili mbwa wote wapate chanjo?